Nani aweke saini ya bangi ya dawa? Nimelinganisha Marekani, Uingereza, Afrika Kusini, Ujerumani na hii njia yetu ya mofini

Kuna swali limeniandama miezi sasa. Linatoka kwa wenzangu manesi na maklinikal ofisa wa huku West Nile, Uganda, linatoka kwa familia za wagonjwa, hata mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) mmoja alinishika mkono tukitoka mazikoni akaniuliza, sista, siku bangi ikiruhusiwa kwa wagonjwa, nani ataandika? Watu wengi wanabishana kama bangi ni dawa au si dawa, lakini mimi ninayeshinda kwenye boda nikienda nyumba hadi nyumba na chupa za mofini, dawa kali ya maumivu, kwangu swali la nani anaandika ndo swali lenyewe. Dawa inaweza kuwa halali kabisa kwenye vitabu na bado isimfikie mgonjwa hata mmoja, kisa mwenye ruhusa ya kuweka saini yuko Kampala na mgonjwa yuko karibu kilomita 500 kutoka hapo, hawezi hata kukaa kwenye basi.

Basi nimekaa nikasoma vile nchi zingine zinafanya, nikaweka kando kwa kando, ili siku tukiulizwa maoni kama wahudumu tujue tunachagua nini.

Kwanza tuelewane hapa kwetu tuko wapi, manake kuna wanaodhani mambo tayari. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ilifutwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023, na haikufutwa kwa sababu ya bangi, ilikuwa tu wabunge hawakutimiza akidi siku ya kuipitisha. Mtaani watu walishangilia kama vile njaga (bangi) na mairungi (miraa) vimeachiliwa, kumbe Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria nyingine, na hiyo nayo inakataza kulima na kumiliki mpaka uwe na ruhusa ya mambo ya kitabibu. Kule Kasese bangi ya dawa imelimwa kwa leseni, soko linalotazamwa ni la nje. Ila kwa upande wa mgonjwa hakuna kitu: hakuna rejista ya wagonjwa, hakuna kadi, hakuna orodha ya waganga walioruhusiwa kuthibitisha mtu. Kwa hiyo ukiona kwenye WhatsApp mtu anakuuzia cheti cha bangi ya dawa cha Uganda, usitoe hela yako, hicho cheti hakuna polisi atakayekitambua.

Sasa nieleze kwa nini hii kitu inaniuma. Kuna mzee mmoja upande wa Koboko, saratani ya koo la chakula, alikuwa amefika mahali hamezi kitu kigumu, ni uji na mofini tu. Maumivu tuliyashika. Kichefuchefu ndo kilitushinda, dawa za kawaida tulizokuwa nazo zilisaidia siku mbili halafu zikaacha. Siku hiyo nikaingia jikoni kunawa mikono, nikaona kisufuria kidogo nyuma ya mtungi wa maji, kimefunikwa na jani la mgomba. Mama wa nyumba akanyamaza kidogo halafu akasema, mwanangu, sitakuficha, nimemchemshia majani. Na akanionyesha anavyompimia, anatumia kifuniko cha chupa ya mofini yangu, nusu kifuniko asubuhi, nusu jioni. Akaniuliza, nusu inatosha au nimzidishie?

Sikuwa na jibu. Mofini ya chupa ya kijani najua ina miligramu 5 kwenye mililita 5, naweza kukwambia gizani. Lakini nusu kifuniko cha maji ya majani ni miligramu ngapi, ya kitu gani? Yule mama hakuniuliza kama mume wake anastahili, alishaamua zamani anastahili. Aliniuliza kipimo. Mkumbuke hilo, nitalirudia kote huko chini.

Na isieleweke kwamba nasema bangi inatibu kila kitu. Yenye ushahidi wa kusimamia ni machache: kichefuchefu cha kemo, yaani dawa za kuua saratani (vidonge vya dronabinol na nabilone, vya kemikali ya aina ya bangi, vilikubaliwa Marekani tangu 1985), misuli kukakamaa kwa wagonjwa wa multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na aina chache za kifafa kikali cha watoto, kama Dravet na Lennox-Gastaut, ambako Epidiolex, dawa iliyotokana na bangi, ilipita Marekani 2018. Kwa maumivu inasaidia baadhi ya watu, na kiasi tu. Ukisikia mtu anasema inaponya saratani, huyo anauza.

Marekani: daktari anajiandikisha, halafu anathibitisha ugonjwa

Hii ndo watu wengi wanaisikia na ndo wanataka tuige, kwa hiyo nikae nayo zaidi.

Kule mhudumu hujisajili na jimbo, anafungua akaunti kwenye rejista, leseni yake inakaguliwa, halafu anapokuwa na mgonjwa anaingia anasema nathibitisha huyu ana ugonjwa fulani. Mgonjwa naye anajiandikisha upande wake, akikubaliwa anakwenda kwenye duka lililopewa leseni. Ukiangalia vizuri utaona mara nyingi daktari hajaandika dawa, hajaandika kipimo, hajaandika mara ngapi kwa siku. Ameshuhudia ugonjwa tu basi.

Kwa nini iko hivyo? Kwa sababu sheria ya serikali kuu ya Marekani ya 1970 iliiweka bangi daraja la kwanza, lile la dawa zilizokatazwa zaidi, pamoja na heroini, na dawa ya daraja hilo daktari haruhusiwi kuiandika kabisa. Majimbo yakaanza kuruhusu, California ya kwanza mwaka 1996, madaktari wakatishiwa kunyang'anywa leseni yao ya dawa kali, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikasema kwenye kesi ya Conant dhidi ya Walters kwamba daktari ana haki ya kumshauri mgonjwa kuhusu bangi, hiyo ni kauli yake tu, serikali isimwadhibu kwa kauli. Kwa hiyo neno kuthibitisha lilitokea hapo, ni njia ya kupita kati ya sheria mbili zinazogombana. Sisi hatuna huo ugomvi. Uganda haina majimbo yenye sheria zake za dawa, tuna Bunge moja na Mamlaka ya Taifa ya Dawa moja, NDA. Tukiiga cheti cha Marekani jinsi kilivyo tutakuwa tumevaa bandeji ya kidonda cha mtu mwingine.

Lakini ndani ya Marekani kwenyewe majimbo hayafanani, na hapa kuna kitu cha kujifunza. Pennsylvania, kwa sheria yao ya 2016, ni madaktari tu, na lazima wasome kozi ya saa nne kabla ya kuingia kwenye rejista. Florida nayo ni madaktari tu, kozi ya saa mbili na mtihani, mgonjwa mpya lazima aonwe ana kwa ana, na kadi yenyewe mgonjwa analipa dola 75 kila mwaka, hiyo ni zaidi ya laki mbili na nusu za kwetu kabla hujanunua hata tone, na hela ya kumwona daktari iko pembeni. Ohio daktari anaomba cheti maalum kwa bodi yao ya madaktari. Halafu kuna upande mwingine: Minnesota, ambayo sheria yao ni ya 2014 na wagonjwa wakaanza kupata Julai 2015, wao wanaruhusu daktari, msaidizi wa daktari, na nesi wa ngazi ya juu, wale wanaoitwa APRN. New York ilianza na orodha fupi ya magonjwa na kozi ya saa nne, wakaipunguza ikawa mbili, na sheria yao ya 2021 ikamwachia mhudumu aamue mwenyewe kwamba ugonjwa huu unafaa, hata wakunga na madaktari wa meno wakaingia kwenye wanaoweza kuthibitisha.

Hapa niseme na wenzetu waliokwenda huko, manake nina wawili niliosoma nao ambao saa hii ni manesi wa ngazi ya juu Marekani. Ndugu zangu, kama hii kazi iko moyoni mwenu angalieni jimbo kabla hamjahama. Nesi mwenye madaraka hayo Minnesota au New York anaweza kujisajili na kuthibitisha, akivuka kwenda Florida au Pennsylvania kalamu yake inaishia mlangoni.

Minnesota walifanya kitu kimoja nakipenda sana. Tangu walipoanza, kule dukani walimweka mfamasia, yeye ndo alikuwa anakaa na mgonjwa, anauliza dawa zingine anazotumia, anachagua aina na kipimo. Yaani lile swali la mama wa Koboko lilipewa mtu wa kulijibu. Kwenye majimbo mengine unaweza kujikuta unaongea na muuzaji tu.

Na hela. Bima hazilipi, hata zile za serikali. Mgonjwa wa Marekani analipa mfukoni, mwezi hadi mwezi, kwa hiyo rejista inaweza kuwa nzuri, fomu inaweza kuwa nyepesi, na maskini bado akabaki nje. Kwa hapa kwetu hiyo peke yake inatosha kuniogopesha.

Uingereza: bingwa peke yake

Uingereza walifungua tarehe 1 Novemba 2018, baada ya mama mmoja kunyang'anywa mafuta ya bangi ya mtoto wake wa kifafa uwanja wa ndege wa Heathrow na nchi nzima ikalia naye. Hakuna kadi, hakuna rejista mpya ya bangi, wametumia orodha ambayo tayari ipo, ile ya madaktari bingwa ya baraza lao la madaktari. Uko kwenye orodha ya mabingwa, unaweza kuanzisha mgonjwa. Hauko, huwezi. Daktari wa kawaida wa mtaani anaweza kuendeleza tu chini ya huyo bingwa.

Kwa usalama ni nzuri, siwezi kukataa. Bingwa wa kifafa anakijua kifafa. Ila matokeo yake ni kwamba kwenye hospitali za umma zinazotibu bure wagonjwa waliopata ni wachache mno, wengine wakakimbilia kliniki za binafsi, wanalipa. Na hiyo ni nchi yenye mabingwa. Sasa ilete hapa: mabingwa wa mishipa ya fahamu Uganda nzima ni wa kuhesabika, na karibu wote wako Kampala. Mtoto wa Kitgum au Pader, kule kaskazini, mwenye ugonjwa wa kutikisa kichwa (aina ya kifafa cha watoto), ambaye hata kufika helt senta III ni safari ya nusu siku mama amembeba, atamwona lini bingwa wa Mulago?

Nina kidonda changu hapa, niseme tu. Kabla sijasoma kozi ya hospisi (huduma ya wagonjwa wasiopona), mama yangu mkubwa alilazwa hospitali moja, siitaji, na saratani ya kizazi. Mofini ilikuwepo. Tuliiona kwenye kabati la kioo, chupa zimepangwa. Daktari mwenye kuweka saini alikuwa ameenda semina, aliondoka Ijumaa, akarudi Jumatatu mchana. Siku tatu, mama mkubwa anauma kanga yake ili wagonjwa wengine wasisikie. Nesi wa zamu alikuwa analia na sisi, funguo anazo, ruhusa hana. Kwa hiyo mtu akiniambia tuwaachie mabingwa peke yao, mimi naona ile kabati.

Afrika Kusini: kibali cha mgonjwa mmoja mmoja

Kule daktari hutumia kifungu cha 21 cha sheria yao ya dawa ya 1965, anaiombea dawa ambayo haijasajiliwa kwa mgonjwa mwenye jina, ombi linaenda kwa mamlaka yao ya dawa SAHPRA, likikubaliwa ndo mgonjwa anapewa. Australia nao wana kitu kinachofanana, daktari anaomba kwa mgonjwa mmoja mmoja, au akishakuwa na uzoefu anaomba kuwa mwandishi aliyeidhinishwa kwa kundi zima la wagonjwa wa aina moja, hapo haombi tena kila mara.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji kutunga sheria mpya kubwa, unatumia mlango uliopo. Ubaya ni karatasi. Mgonjwa wangu wa hospisi wengi wao tunakutana naye akiwa amebakiza wiki, wengine siku. Ombi litoke Yumbe, lifike NDA Kampala, mtu alisome, lirudi... yule mzee wa Koboko aliishi siku kumi na tisa tangu siku niliyoona kile kisufuria. Kwa mtoto wa kifafa ambaye ana miaka mbele yake, kibali cha namna hii naweza kukikubali kabisa, tena kina faida, mtu anapitia faili kwa utulivu. Kwa anayekufa, hapana.

Ujerumani: daktari yeyote, kama dawa nyingine

Wao tangu Machi 2017 daktari yeyote aliweza kuandika, kwa karatasi ile maalum ya dawa za kulevya, na tangu tarehe 1 Aprili 2024 wakaitoa hata kwenye orodha ya dawa za kulevya, inaandikwa kwa karatasi ya kawaida. Haraka, rahisi. Kilichofuata ni watu kujaza maswali mtandaoni na kuletewa nyumbani bila kuguswa na daktari, mpaka serikali yenyewe 2025 ikaleta muswada wa kubana hiyo biashara. Sisi tunavyojua antibayotiki zinavyouzwa dukani kama pipi, sihitaji kusema mengi, njia hii hapa kwetu hapana.

Na hii yetu ya mofini

Sasa tuje nyumbani. Hospisi Africa Uganda ilianzishwa 1993 na Dakta Anne Merriman, na tangu mwanzo waliona kwamba mgonjwa wa saratani wa Uganda hamfikii daktari, anamfikia nesi. Mwaka 2004 serikali ikabadilisha kanuni, ikaruhusu manesi na maklinikal ofisa waliosomea hospisi kuandika mofini ya kunywa, na Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Ya kwanza duniani! Watu wanakuja kutoka nje kujifunza kwetu, sisi tunakwenda kutafuta mifano Florida.

Angalieni inavyofanya kazi. Mhudumu tayari yuko kwenye baraza lake, nesi kwenye baraza la manesi na wakunga, klinikal ofisa kwenye baraza la wahudumu shirikishi wa afya, leseni ya kufanya kazi analipia na kuhuisha. Juu ya hapo anasoma kozi, ile niliyosoma mimi ilikuwa miezi tisa, darasani na kwa wagonjwa. Akimaliza anaandika dawa, na anaandika KIPIMO, siyo jina la ugonjwa peke yake. Mofini yenyewe inaletwa kama unga, inachanganywa na maji pale Makindye, Kampala, inatiwa rangi ili hata bibi asiyesoma asikosee: kijani ndo nyepesi, nyekundu ya waridi kali, bluu kali zaidi. Mgonjwa halipi. Chupa zinakaa kabati la kufuli mbili, kila mililita inaingia kwenye rejista, jina, tarehe, kiasi kilichobaki, saini. Mimi nimeandika kwenye hiyo rejista mpaka kidole cha kati kina sugu. Na bado nafundisha familia mambo madogo, kwamba mofini inafunga choo na kama vidonge vya choo vimeisha watwange mbegu za papai.

Waliogopa mwaka ule kwamba manesi watauza mofini mtaani. Tumeandika miaka 20 na zaidi na huku Arua sijawahi kukuta chupa ya kijani sokoni. Kinachotusumbua ni kinyume chake, kuna wilaya dawa haifiki au mwenye kozi amehamishwa na nafasi yake imekaa wazi.

Tukiziweka pamoja

Nikipima kwa saini ni ya nani: Florida, Pennsylvania na Uingereza zinanipoteza mapema, mbili za kwanza kwa sababu ni daktari tu, ya tatu ni bingwa tu. Minnesota, New York na mofini yetu ziko upande mmoja, zinamwamini aliyesoma hata kama si daktari.

Nikipima kwa kinachoandikwa, Marekani inashuka, hata zile nilizozisifu, kwa sababu mara nyingi saini inashuhudia ugonjwa na kipimo kinaachwa kwa mwingine. Uingereza, Afrika Kusini, Ujerumani na mofini, mwenye saini anabeba kipimo. Kwa mimi hilo ni zito kuliko yote. Ngoja nitoe mfano wa karibu. Wale watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo wa ugonjwa wa kutikisa kichwa, wengi wako kwenye sodium valproate, dawa ya kifafa. Mzazi akisikia kwamba mafuta ya bangi yanasaidia kifafa atayatafuta, na mimi kama mzazi ningeyatafuta. Lakini CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, ikikutana na valproate inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, mtoto anahitaji kupimwa damu kabla na baada. Mtu aliyeweka saini ya huyu ana kifafa, basi aende dukani, hajamlinda huyo mtoto. Aliyefundishwa kuandika kipimo atauliza kwanza, mama, anameza vidonge gani?

Kwa urefu wa mafunzo, saa mbili za Florida na saa nne za Pennsylvania ni kidogo mno kwa mtu anayeanza na sifuri. Ila miezi tisa nayo ni mirefu, na si lazima. Mtu ambaye tayari anaandika mofini anajua rejista, anajua kupandisha kipimo pole pole, anajua kukaa na familia. Huyo aongezewe wiki moja au mbili za bangi yenyewe: THC, ile kemikali inayolevya, inafanya nini kwa kichwa cha kijana mwenye historia ya kuchanganyikiwa, CBD inagombana na dawa zipi, nani asipewe kabisa.

Kwa uwazi, hapa Marekani wanatushinda na lazima tuseme ukweli. Pennsylvania wanaweka orodha ya madaktari waliosajiliwa mahali mgonjwa anaiona. Sisi mgonjwa wa Nebbi hajui kama helt senta yake ina mwandishi wa mofini mpaka afike aulize, na mara nyingi anaambiwa hapana baada ya kulipa boda. Orodha ya waandishi kwa kila wilaya, ikabandikwa ukutani na kwa mwenyekiti wa LC na kwa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji), hiyo tungeiiga hata kesho, hata kwa mofini kabla ya bangi.

Kwa hiyo chaguo langu, na nitalisema popote nikipewa kipaza sauti. Kwa mgonjwa wa hospisi, saratani na kichefuchefu kisichosikia dawa, aandike yule yule aliyeruhusiwa mofini, akiwa na nyongeza ya mafunzo, kwenye rejista ile ile ya kufuli mbili, dawa ikiwa ya chupa yenye namba na rangi, bure kama mofini. Kwa mtoto wa kifafa, daktari aanzishe, kwa kibali cha mgonjwa mmoja kama Afrika Kusini lakini kijibiwe na hospitali ya rufaa ya mkoa badala ya kusafiri Kampala, halafu klinikal ofisa wa karibu aendeleze na kupima ini. Kwa maumivu ya mgongo, kukosa usingizi, mawazo, bado, tusianze na hayo.

Na kama wewe ni mhudumu unayesoma hii ukijiuliza ufanye nini mwaka huu huu, usisubiri bangi. Nenda kasome kozi ya mofini. Kama kesho watachagua njia yoyote kati ya hizi nilizoandika, isipokuwa zile zinazomtaka daktari au bingwa peke yake, wewe ndo utakuwa wa kwanza kwenye mstari, na wakati huo huo kuna mtu kijijini kwako ambaye usiku huu anauma kanga.

Daktari mmoja ninayemheshimu sana, wa hapa Arua, aliniambia sista, mofini ni kitu kimoja, bangi kila kijana anaivuta, ukiwapa manesi utaifungulia mlango. Nilimjibu kwa adabu kwamba mlango uko wazi siku nyingi, daktari, kisufuria kiko nyuma ya mtungi. Ambacho hakipo ni mtu wa kuulizwa nusu kifuniko inatosha au la. Alikaa kimya, halafu akaniuliza kozi ya miezi tisa inaanza mwezi gani, ana nesi wawili anaotaka kuwatuma.